Mtoto wa kambi na mwalimu wake
Habari ya masomo ya kwanza katika Likasi

Mwalimu wa kalasi ya kwanza anaingia asubuhi. Anainua kitabu mbele ya watoto na kuuliza mmoja wao: «Hii ni nini?» Mtoto anainamisha macho, ananyamaza. Mwalimu anauliza mara ya pili kwa sauti kubwa. Mtoto anazidi kunyamaza. Basi jirani yake anamnong'onezea jibu. Mwalimu anawaadhibu wote wawili: wa kwanza kwa sababu ni mkaidi, wa pili kwa sababu ni mdanganyifu.

Je, ni kweli kwamba watoto hawa wawili wana mwenendo mbaya? Swali hili laonekana dogo. Lakini katika mji wetu wa Likasi lina umri wa miaka karibu mia moja, na wengi walilijibu haraka bila kufikiri. Sisi tunaojitayarisha kwa kazi ya upadri tunapashwa kulifikiri vema. Padri wa parokia anakabiziwa mara nyingi ulinzi wa masomo. Walimu watamletea magumu yao, wazazi watamletea machozi yao. Akiwa hajui mtoto ametoka wapi, atahukumu kama kipofu.

Kwa hiyo tuangalie habari ya zamani. Tutaona namna gani masomo yaliingia Likasi, namna gani yalimfahamu mtoto ao kutomfahamu, na fundisho gani latoka humo kwa siku za leo.

I. Malezi mbele ya masomo

Mbele ya kuja kwa migodi ya Wazungu, inchi hii ilikuwa ya Wasanga na jirani zao Walamba. Upande wa kaskazini, Bunkeya, Wayeke wa Msiri walikuwa wameweka ufalme wao. Watu hawa walijua shaba tangu zamani sana. Walichimba, waliyeyusha, walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama mali. Inchi iliyo na mafundi namna hii haikosi malezi, kwani ufundi haupiti toka baba mpaka mwana pasipo mafundisho.

Lakini mafundisho yale hayakuwa na ubao wala kengele. Mtoto alijifunza kwa kutazama. Alikaa karibu na mkubwa aliyetumika, akachukua chombo kidogo, akajaribu. Msichana alibeba mdogo wake mgongoni, na kwa njia hiyo alijifunza ulezi. Mvulana alifuata wajomba porini. Jioni, kando ya moto, wazee walitoa hadisi na vitendawili, na watoto wote waliitika pamoja. Aliyekosa alichekwa kidogo, akajaribu tena. Hakuna aliyesimamishwa peke yake mbele ya wenzake ili ujinga wake uonekane.

Adabu nayo ilikuwa na alama zake. Kupokea kitu kwa mikono miwili, kupiga makofi kidogo mbele ya mkubwa, kupiga magoti kwa wasichana, kutotazama mzee machoni: mambo hayo yote yalikuwa lugha ya heshima kwa Waluba, kwa Wabemba, na kwa makabila mengi ya Katanga. Mtoto aliyeinamisha macho hakuficha kitu. Alisema: «Wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo.»

Tuangalie tena jambo moja ambalo walimu wachache walilifikiri. Nyumbani mkubwa hamwulizi mtoto jambo ambalo mkubwa mwenyewe analijua. Akiuliza «Maji yako wapi?», ni kwa sababu anataka maji. Ila vitendawili tu vilikuwa maswali ya mchezo, na kila mtu alijua kwamba ni mchezo. Basi mtoto anayeulizwa na mwalimu «Hii ni nini?», na mwalimu anakishika kitabu mkononi, anashangaa. Anafikiri: Je, ni mtego?

II. Kambi inazaliwa

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Migodi na viwanda vilikua upande wa Elisabethville, kisha upande wa Kambove, Likasi na Panda. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa nguvu za umeme mwaka 1929. Mji wenyewe Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa heshima ya injenieri Jean Jadot. Mwaka 1966 ulirudishiwa jina lake la Likasi.

Kazi hiyo kubwa ilitaka watu wengi, na inchi ya hapa haikuwa na watu wa kutosha. Kompani ilitafuta mikono mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Luapula, Lomami, Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Mwanzoni wanaume walikuja peke yao, walitumika miezi michache, na wengi walikufa kwa magonjwa ao walitoroka. Kompani iliona kwamba namna hiyo ni hasara. Toka mwaka 1928 hivi ilianza kuwafunga wafanya kazi kwa mikataba ya miaka mitatu, na kuwasaidia walete wake zao na kuzaa watoto kambini. Ilitaka nini? Ilitaka kazi idumu, na watoto wa leo wawe wafanya kazi wa kesho.

Hivi alizaliwa mtu mpya katika inchi yetu: mtoto wa kambi. Mama yake aweza kuwa Mubemba, baba yake Muluba, jirani wa kuume Mutetela, jirani wa kushoto Mulamba. Posho ilitoka kwa kompani, nyumba ilitoka kwa kompani, dawa ilitoka hospitali ya kompani. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyeandika sana juu ya familia za wafanya kazi wa Katanga, ameonyesha namna mamlaka ya baba ilivyobadilika katika maisha hayo. Huko mgini, baba alikuwa mwalimu wa mwana wake. Kambini, baba alitoka alfajiri kwa sauti ya king'ora, na mtoto hakuona kazi yake hata siku moja. Hakuweza tena kujifunza kwa kutazama.

Na lugha? Watoto wa kambi walicheza pamoja, na mchezo hauwezi kungoja mfasiri. Kiswahili kilichukuliwa na kompani na serikali kama lugha ya kazi, lakini ni kina mama na watoto waliokifanya kuwa lugha ya nyumba. Kilichanganyika na maneno ya Kiluba, ya Kibemba, ya Kifaransa. Kiwanja cha nyumba kikaitwa lupangu, ugali ukaitwa bukari. Wataalamu wengine walikidharau wakisema si Kiswahili cha kweli. Lakini katika Kiswahili hiki mtoto aliita mama yake, aligombana na rafiki yake, na alisali.

III. Masomo yanaingia

Wabenedikto wa Abasia ya Mtakatifu Andrea karibu na Bruges walifika Katanga mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye kisha alikuwa Askofu hapa mpaka kufa kwake mwaka 1958. Wametodisti nao walifanya kazi katika eneo hili la Kambove, Panda na Mulungwishi. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilitia masomo ya kambi zake mkononi mwa misioni katolika. Mapadri, mamasera na walimu weusi walipewa watoto. Kompani ilitoa nyumba na mali.

Wakati uleule serikali ya Ubelgiji ilijiuliza namna gani ya kufundisha. Tume ya Phelps-Stokes ya Marekani, ambayo ndani yake alikuwa James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, ilizunguka Afrika katika miaka ya 1920 na 1921, ikafika Kongo pia. Ilisema kwamba masomo yapatane na maisha ya watu. Mwaka 1922 waziri Louis Franck aliita tume yake mwenyewe, na mwaka 1929 ukatoka mpango wa masomo yanayosaidiwa na serikali, ambao watu waliuita «kitabu cha manjano» kwa sababu ya ganda lake. Mpango huo ulitaka kwamba watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya inchi, wajifunze usafi, kazi za mikono na bustani, pamoja na kusoma, kuandika na kuhesabu.

Ndugu, tuwe wa haki. Kumfundisha mtoto mdogo kwa lugha anayoisikia lilikuwa wazo jema, na inchi nyingine za Afrika hazikulifuata. Katika makoloni ya Ufaransa Kifaransa kilitawala tangu siku ya kwanza. Watu wengi wa Likasi walijua kusoma barua kwa sababu walijifunza kusoma kwa Kiswahili, na masomo ya misioni yaliwafungulia mlango huo.

Lakini kulikuwa na makosa mawili, na yote mawili yaligusa mwenendo wa watoto.

Kosa la kwanza: neno «kupatanisha masomo na desturi» lilifikiriwa kwa ajili ya mtoto wa mgini. Wakubwa walisema «desturi», wakaona shamba, mfalme wa kijiji, na wankambo. Mtoto wa Panda hakuwa na shamba wala mfalme wa kijiji. Alikuwa na mulongo wa nyumba zinazofanana, kantini, na mpira wa matambara. Tena mpango wa kupatanisha ulikuwa na kivuli kibaya. Wengi waliupenda kwa sababu ulimweka Mwafrika mahali pake: masomo madogo kwa kazi ndogo. Wazazi waliliona jambo hilo. Kwa hiyo walianza kushuku kila mafundisho ya lugha ya nyumbani, wakifikiri kwamba ni njia ya kuwanyima watoto wao Kifaransa na vyeo. Shuku hiyo haijakwisha hata leo.

Kosa la pili: mafundisho yalipatanishwa kidogo, lakini amri za kalasi hazikupatanishwa hata kidogo. Kengele, mulongo, kimya, mikono juu ya meza, kila mtoto na jibu lake peke yake: mambo hayo yalitoka Ulaya, na kiboko cha koloni kilitia nguvu fimbo ya mwalimu. Tusisahau kwamba masomo ya Ulaya yenyewe siku zile yalitumia fimbo. Lakini huko mtoto alijua angalau maana ya amri. Hapa mtoto wa miaka sita aliingia mahali ambapo heshima yake iliitwa ukaidi, na msaada wake kwa mwenzake uliitwa udanganyifu. Nyumbani aliambiwa: «Mwonyeshe mdogo wako.» Masomoni aliambiwa: «Usimwonyeshe jirani yako.» Je, amsikilize nani?

Na mwalimu naye alikuwa katika taabu. Mara nyingi alikuwa mgeni, wa kabila lingine, aliyefundishwa haraka, mwenye watoto wengi kupita nguvu zake. Aliyoyapata kwa fimbo alifikiri yanapitishwa kwa fimbo tu. Tusimlaumu peke yake.

IV. Wale waliosikiliza

Hata hivi, katika Katanga yenyewe walipatikana watu waliofuata njia nyingine. Tutaje watatu tu.

Wa kwanza ni Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliyefika Kongo mwaka 1933. Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka Elisabethville mwaka 1945, na kiligombaniwa sana. Wanafilosofia Waafrika wenyewe walikipinga katika mambo mengi. Lakini tushike jambo moja. Tempels alikiri kwamba alikuja kama mkubwa anayejua yote, na kwamba kazi yake haikuzaa matunda mpaka alipoanza kuuliza watu na kuwasikiliza. Kutoka kusikiliza huko ilizaliwa Jamaa, kati ya wafanya kazi wa migodi ya Kolwezi katika miaka ya 1950, ikaenea mpaka kambi za miji mingine ya shaba. Mafundisho yake yalikuwa kwa Kiswahili, kwa kuulizana na kujibizana, baba na mama pamoja. Eklezya ilipashwa baadaye kuonya vikundi vingine vilivyopotoka, na hilo pia ni sehemu ya habari. Lakini namna ile ya kufundisha ilionyesha kwamba watu wa kambi, walioitwa wasio na desturi, walikuwa na kiu kubwa ya neno linalowafikia ndani.

Wa pili ni Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa, aliyefungua nyumba ya kuchora katika Elisabethville mwaka 1946. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya ili waziige. Aliwaacha watazame inchi yao na kuchora kadiri ya macho yao. Kwake walitoka Pilipili Mulongoy, mchoraji wa ndege na samaki, na Mwenze Kibwanga. Picha zao zilisifiwa mpaka Ulaya. Hawakuwa watoto wadogo, ni kweli, lakini fundisho ni lilelile: mwanafunzi aliyeaminiwa anakaa kimya kwa kazi saa nyingi, na hakuna anayemwamuru kunyamaza.

Wa tatu ni Centner, ambaye katika miaka ya kwanza ya 1960 alitoa kitabu kikubwa juu ya michezo ya mtoto Mwafrika wa Katanga. Kilichapishwa na CEPSI, chama cha wataalamu cha Elisabethville kilichoanzishwa mwaka 1946 ili kuchungua maisha ya watu. Kitabu kizima juu ya michezo! Wengine walicheka labda. Lakini mwenye kutazama mchezo wa watoto ataona ya kuwa una sheria, zamu, waamuzi, na adhabu. Mtoto ambaye kalasini anaitwa mtukutu, uwanjani anashika sheria kumi bila kukosa hata moja. Basi si mtoto asiyejua sheria. Ni sheria ya kalasi ambayo hakuna aliyemfafanulia.

Nje ya Kongo pia watu walikuwa wakifikiri. Mwaka 1953 UNESCO ilitangaza maoni ya wataalamu wake kwamba lugha ya mama ndiyo chombo bora cha kumfundisha mtoto anayeanza. Na tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Ikiwa ni hivyo, masomo hayawezi kufanya kama kwamba mtoto amezaliwa siku aliyoandikwa katika daftari ya mwalimu.

V. Baada ya uhuru

Baada ya uhuru watu walitaka masomo makubwa, na haki yao. Matengenezo ya mwaka 1962 yaliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu kalasi ya kwanza. Hivi shuku ya wazazi ilipata jibu, lakini mtoto wa miaka sita ndiye aliyelipa. Alianza kunyamaza mara mbili: kwa heshima, na kwa kutosikia.

Kisha upepo uligeuka. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristu kwa ajili ya «kurudia asili». Mwezi wa Mei 1974 wataalamu wa lugha walikutana Lubumbashi, wakashauri kwamba lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa kimoja chao, zitumike katika masomo ya chini. Mwisho wa mwaka uleule serikali ilichukua masomo yote ya misioni, ikaondoa mafundisho ya dini. Kwa mapatano ya 26 Februari 1977 Makanisa yalirudishiwa uongozi wa masomo yao. Katika zigizaga hizo walimu walifanya walivyoweza: kitabu cha Kifaransa mkononi, Kiswahili mdomoni.

Lakini jambo zito zaidi lilikuja baadaye, na hatuwezi kulipita kimya. Katika Agosti na Septemba 1992, na mwaka 1993, familia nyingi zilizotoka Kasai zilifukuzwa katika Likasi na miji mingine ya shaba. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye kituo cha gari-moshi na katika nyumba za masomo, wakingoja treni. Wengi walikufa, watoto wengi kati yao. Wengine wengi walikuwa wamezaliwa hapahapa. Kasai hawakuwahi kuiona. Walisema Kiswahili kilekile, walikula bukari ileile, walikaa benchi moja na wale waliobaki.

Kwa nini tunataja jambo hili katika maandiko juu ya kalasi ya kwanza? Kwa sababu siku hizi wataalamu wanasema sana kwamba mwalimu ajali desturi za mtoto. Ni neno la kweli. Lakini katika Likasi neno hili laweza kuwa dawa na laweza kuwa sumu. Mtu akisema «desturi ya mtoto ni kabila la babu yake», ataanza kuhesabu: wewe ni wa wapi, na wewe ni wa wapi? Tumeona hesabu hiyo imetufikisha wapi. Mtoto wa Likasi ana wankambo, na ni vema awajue na kuwaheshimu. Lakini desturi anayoileta kalasini kila asubuhi ni ile ya lupangu lake: namna wanavyosalimiana, wanavyosaidiana, wanavyoimba, wanavyocheza, Waluba na Wasanga na Wabemba na Watshokwe pamoja. Desturi hiyo haikuja kutoka mgini, wala haikuja kutoka Ulaya. Ilizaliwa hapa. Wakoloni hawakuiona kwa sababu walitafuta kijiji. Baadaye wengine hawakuiona kwa sababu walitafuta kabila.

VI. Kazi ya leo

Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière tangu mwaka 1967, ilianguka katika miaka ya 1990. Toka mwaka 2003 wafanya kazi wake zaidi ya 10 000 waliondoshwa kwa malipo ya mwisho. Watoto waliolishwa na posho ya kompani wakawa wazazi wasio na mshahara. Leo watoto wengine wa Likasi wanaingia kalasini wakiwa wamekwisha kubeba maji, kuuza mandazi, ao kuosha mawe ya madini. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali na ya Makanisa hayalipishwi tena. Ni neema kubwa kwa maskini, lakini kalasi zimejaa, na mwalimu mmoja anazungukwa na umati. Katika umati kama huo fimbo inaonekana njia fupi.

Sheria nayo iko. Ile ya 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na mateso. Ile ya 11 Februari 2014 juu ya elimu inataka lugha za taifa ao lugha za mahali zitumike katika kalasi za kwanza. Lakini sheria haiingii kalasini kwa miguu yake. Inaingia na mwalimu.

Tufanye nini basi? Tuseme mambo machache, ambayo hayahitaji mali.

Mwalimu awasalimu watoto na kujua majina yao. Jina ni habari. Anayeitwa Kyungu ao Kabange katika jamaa ya Waluba ni pacha. Mwalimu akiuliza habari ya pacha wake, mtoto anajua kwamba ameonekana.

Mbele ya kuadhibu kimya, achungue maana yake. Je, ni heshima? Ni njaa? Ni kutosikia Kifaransa? Ni usingizi wa yule aliyeamka usiku? Kila kimya kina dawa yake, na fimbo si dawa ya hata kimoja.

Atumie Kiswahili kama daraja, wala asiwanyime watoto Kifaransa. Neno lisikilizwe kwanza kwa lugha ya lupangu, kisha livushwe. Wazazi waelezwe wazi kwamba daraja halimrudishi mtoto nyuma.

Awaulize kwa namna ya vitendawili na kuitikiana, wote pamoja kwanza, kisha wawili wawili, mwisho mmoja mmoja. Hapo mtoto hatasimama peke yake mbele ya kujua.

Aliyezoea kumsaidia mdogo wake nyumbani apewe kazi ya kumsaidia mwenzake kalasini. Kile tulichoita udanganyifu kitakuwa chombo cha mwalimu mwenye watoto wengi. Siku ya mtihani, wafafanuliwe sababu ya kila mtu kuandika peke yake. Watoto wanaojua sheria za mchezo watafahamu sheria hiyo pia.

Katika Marekani mwalimu Gloria Ladson-Billings aliwatazama walimu waliofaulu na watoto weusi, na mwaka 1995 aliandika kwamba mafundisho yanayopatana na desturi lazima yamfikishe mtoto kwenye elimu ya kweli, yasimpungukie. Neno hilo linajibu shuku ya wazazi wetu wa mwaka 1929. Kumfahamu mtoto si kumpunguzia masomo.

Lakini mtu atasema: «Fimbo ndiyo desturi yetu. Wazazi wenyewe wanatuambia tupige.» Tujibu kwa utulivu. Ni kweli kwamba wazee walipiga mara nyingine. Lakini walikuwa na vyombo vingine vingi: hadisi, methali, aibu mbele ya wenzi, shauri la mjomba, kazi ya kurekebisha kosa. Kati ya vyombo hivi vyote, kambi na masomo vimehifadhi fimbo na kuviacha vingine. Je, huko ndiko kufuata desturi? Methali yasema: samaki mkunje angali mbichi. Haikusema: mvunje.

Tena tusiseme kwamba kila kosa ni jambo la desturi. Kuna watoto wanaoiba, wanaopiga wadogo, wanaosema uongo, katika makabila yote na katika inchi zote. Hao wanapashwa kuonywa. Lakini onyo linasikilizwa na yule anayejua kwamba anayemwonya anamjua.

Ndugu wapenzi, turudi kwa watoto wetu wawili. Mmoja aliinamisha macho, mwingine alinong'ona. Kwa miaka mingi kalasi zetu ziliandika makosa mawili katika daftari. Kama mwalimu angalikuwa ameketi jioni moja katika lupangu la Panda ao la Shituru, angaliandika vingine: wa kwanza ana heshima, wa pili ana mapendo. Na juu ya vitu viwili hivi angaliweza kujenga masomo yote.

Siku moja wengi wetu tutakuwa na ufunguo wa nyumba ya masomo. Tukiingia, tusiangalie kwanza kama kuna kimya. Tuangalie kama mwalimu anawajua watoto, na kama watoto wanajua kwamba wamejulikana. Mchungaji mwema huita kondoo zake kila mmoja kwa jina, nazo zinaijua sauti yake. Wala hakuanza kwa kuzipiga.